Juzuu ya Tatu Imefungiwa Kabatini

Shangazi yangu alikuwa fundi wa cherehani, na simaanishi kushona. Alizitengeneza zikiharibika: za shule, za viwanda vidogo, za wajane wenye cherehani moja tu. Kazi ilimzungusha miji mingi, na kila mji alioshuka, kabla hata ya kutafuta chumba, aliulizia maktaba iko wapi. Wenzake walikwenda kunywa chai. Yeye alikwenda kusoma, na kudharau.

Maana maktaba zenyewe, jamani, zilikuwa vituko. Ya mji wa machimbo ilikuwa na kompyuta nane zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya watu wenye makuu, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Ya bandarini, mlinzi alimnyang'anya begi, akamnyang'anya mwavuli, halafu akataka kujua anasoma ili iweje.

"Nisije nikafanana na wewe," shangazi akamjibu, akapita.

Hata hivyo, kule machimboni alisoma juzuu ya kwanza ya riwaya ya mjane aliyewapeleka shemeji zake mahakamani. Ya pili akaikuta bandarini, akaimaliza kwa siku nne huku cherehani za watu zikimsubiri. Ya tatu, yenye hukumu, aliitafuta miaka kumi na mmoja. Kumbe ilikuwa hapa hapa kwetu, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake, kwenye maktaba aliyoidharau kiasi cha kutoikanyaga.

Mteja mmoja alimtajia hilo wiki ile ile daktari alipomwambia kwamba Jumatatu atapasuliwa jicho la kushoto. La kulia lilishapasuliwa, likapofuka. Alitaka kuijua hukumu kabla ya Jumatatu, basi.

Tukaenda Alhamisi. Juzuu tuliiona, nyuma ya kioo cha kabati lililofungwa kwa ufunguo. Karani, baba wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Njoo Kesho, alisema ufunguo anao bosi.

"Bosi yuko wapi?"

"Semina."

"Ya nini?"

Akakohoa. "Ya kuhamasisha watu wasome. Anarudi Jumatano."

Shangazi hakubishana, nami nikadhani amekata tamaa. Jumamosi asubuhi akanipitia, begi la kazi begani. Bawaba za kabati lile zilishikwa na skrubu sita, hata dakika tano hazikufika. Njoo Kesho akaja mbio akidai tunavunja mali ya umma.

"Sijavunja, nimefungua," shangazi akasema. "Miaka kumi na minane umekaa hapa, hujajua tofauti?"

Karani akatishia kuita polisi, kisha akaenda kukaa.

Shangazi akasoma mwenyewe; ilipofika saa sita jicho likaanza kutoa machozi. Akanisukumia kitabu. "Soma wewe. Na usinirukie mistari, nakujua."

Mimi niliyekuwa nikiuita mchezo huo wa kusaka vitabu wazimu wa uzeeni, nikasoma kwa sauti. Njoo Kesho akaja kutuonyesha bango la KIMYA. Chumba kizima tulikuwa sisi na nzi. Nikaendelea, naye akabaki amesimama. Saa nane, saa ya kufunga, alikuwa ameshavuta kiti. Saa kumi jaji akasoma hukumu: mjane akaipata nyumba, akampoteza dada yake. Shangazi akakichukua kitabu, akakifunga mwenyewe. Sijawahi kumwona ametosheka vile.

Njoo Kesho akauliza taratibu, "Sasa huyo dada, kosa lake lilikuwa nini?"

"Juzuu ya kwanza iko machimboni, ya pili iko bandarini," shangazi akasema. "Panda basi."

Akaurudisha mlango wa kabati, skrubu zote sita, tukaondoka.

Jumatatu wakampasua. Jicho halikuona tena. Majirani walikuja kumpa pole, akawavumilia, na walipoondoka akaniuliza maktaba inafunguliwa saa ngapi.