Aliyeandika "Nilimwoa"

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Ametutoka huu mwezi wa nne. Mimi ni seremala, shule sikuiona. Herufi alinifundisha yeye nikiwa na mvi tayari, kwa chaki ya kuchorea vitambaa, juu ya meza yake ya kukatia. Kwa hiyo nitasema machache.

Alikuwa mweusi tii. Utotoni walimwita Masizi, jina likamganda. Alipofungua kibanda cha kushonea akaliandika juu ya mlango: MASIZI FUNDI.

"Wakija kunitukana," alisema, "angalau waje na vitambaa."

Alipenda hadithi. Wateja walimwachia vitabu, vingine havina majalada. Alisoma mguu ukiwa kwenye cherehani. Cherehani ikinyamaza ghafla, nilijua kuna mtu kamuudhi humo kitabuni.

"Baba watoto, hebu sikia. Huyu mzuri, eti rangi ya maji ya kunde. Mweusi yuko wapi? Jikoni, anasugua masufuria. Au ndiye mchawi."

"Hadithi tu hiyo, mama."

"Hadithi tu! Mimi nilikaa miaka kumi na tano sitaki kioo kwa ajili ya hizo hadithi tu."

Nikarudi kwenye randa yangu.

Basi akaanza kuandika yake. Aliiandika kwenye daftari la vipimo: ukurasa huu kiuno cha mteja, ukurasa wa pili hadithi. Mwanamke wa humo ni mweusi, anatengeneza redio, anasimulia mambo yake kwa kinywa chake. Hakuna anayekuja kumwokoa. Ni mzuri, na hakuandika "mweusi lakini mzuri". Hiyo "lakini" aliipiga marufuku nyumbani kwetu.

Katikati ya daftari, mwanamke yule anasema: "Nilimwoa seremala mmoja mpole."

Seremala huyo namjua.

Mke wangu, kabla hatujaoana, alikuja karakana kwangu kuagiza meza ya kukatia. Nikamzungusha, njoo kesho, njoo keshokutwa. Mara ya tatu akaipapasa meza, akasema, "Fundi, meza nimeipenda. Na wewe nimekupenda. Nikuoe?"

"Mwanamke haoi," nikamwambia. "Anaolewa."

"Haya, kaa na meza yako."

Nilikaa nayo siku mbili. Ya tatu nikaibeba kichwani mpaka kwake. Nikamwambia meza hii, na mimi huyu.

Lakini kwa watu sikusema hivyo. Miaka arobaini na moja niliwatambia kwamba nilimtongoza mimi, tena yeye ndiye aliyelia mpaka nikamhurumia. Yeye alikuwepo, anasikia. Anakata uzi kwa meno, kimya. Alinisitiri.

Alipofariki, wanawake aliowafundisha kushona walitaka hadithi ichapwe, kila mmoja awe na yake. Binti yetu akalipeleka daftari kwenye duka la kuchapa. Mwenye duka ni mwalimu mstaafu. Binti akaniletea karatasi za majaribio, akaniambia, "Baba, pitia kwanza kabla hawajachapa, mimi niko kazini."

Nikapitia kwa kidole, asubuhi nzima. Nikafika penye seremala. Pameandikwa: "Niliolewa na seremala mmoja mpole."

Nikaenda dukani na karatasi hiyo. Kulikuwa na foleni. Mama mmoja mnene alikuwa na vyeti vya kutoa nakala. Nyuma yake alisimama fundi bomba, jirani yangu, ambaye majigambo yangu anayajua kwa moyo.

"Mwalimu, hapa pamebadilika."

"Hapo nimesahihisha, mzee. Mwanamke huolewa, haoi. Ni sarufi hiyo."

"Na hapa umetia 'lakini'. Mweusi lakini mzuri."

"Nimelainisha kidogo."

"Itoe."

"Sawa, hiyo naitoa. Ila hili la kuoa, hapana. Marehemu alighafilika. Alikuwa fundi wa nguo, si fundi wa lugha. Tukiliacha watu watamcheka, watasema hakujua Kiswahili."

Ningenyamaza, ningetoka na heshima yangu, yeye angebaki na kosa ambalo si lake. Fundi bomba alikuwa ananitazama.

"Hakughafilika," nikasema. "Aliyeolewa ni mimi."

"Unasemaje, mzee?"

"Yeye ndiye aliyetamka. Mimi nilibeba meza kichwani nikamfuata kwake. Nikahamia."

Fundi bomba akaruka. "We mzee! Si ulituambia alilia?"

"Nilidanganya."

"Miaka yote?"

"Yote."

Yule mama akaweka vyeti vyake chini. "Kumbe babu ulikuwa bi harusi! Na shela ulivaa?"

"Ningelivaa wapi? Kichwani kulikuwa na meza."

Duka zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akavua miwani akajifuta machozi. Sikuona haya kama nilivyodhani ningeona. Nilimwambia ageuze kioo cha kompyuta upande wangu, nikamtajia herufi moja moja, na yeye akibonyeza: n, i, l, i, m, w, o, a. Nikahakikisha kwa kidole.

"Na wakiniuliza habari ya sarufi?" akasema.

"Waambie mumewe yupo. Waje kwangu."

Vitabu vimetoka, vyembamba, karatasi yake ngumu kidogo. Wanawake wake wameshagawana. Wakinikuta njiani wananiita, "Bi harusi, hujambo?"

Naitikia.