Siku Niliyoosha Vifuniko vya Tope

Nilipomwambia mama kwamba nimepata kazi Kansanga ya kutunza tope, aliacha kukoroga uji akanitazama.

"Tope?" akasema. "Kwani hili la kwetu lina ubaya gani?"

Sisi tunakaa Bwaise. Mvua ikinyesha, tope huingia ndani bila hodi, nasi hulitoa kwa makarai na kulirudisha mtaroni. Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kushangaa kwamba kuna mtu anayelinunulia tope friji kubwa, kama ile ya kuuzia soda, na kumwajiri msichana wa kuliangalia.

Mtu huyo ni mwanamke wa makamo. Kwao ni watu wa asili ya pwani, waliofika Kampala zamani kwa biashara, wakabaki. Yeye alisoma hadi akawa daktari, lakini si wa wagonjwa. Ni daktari wa tope lililo chini ya maji. Miaka mingi alifanya kazi kwenye meli za utafiti huko baharini, kisha akarudi Kansanga kukaa na mama yake mzee, ambaye sote tunamwita Bibi. Kwa kuwa hapa hakuna bahari, akaanza kuchimba tope la ziwa.

Wiki yangu ya kwanza alinionyesha picha. Kwenye kiganja cha mtu palikuwa na donge jeupe la barafu, na juu ya barafu palikuwa na moto.

"Hii tuliitoa chini kabisa baharini," aliniambia. "Gesi imefungwa ndani ya barafu. Ukiiwasha, inawaka."

Jioni nikamsimulia mama.

"Barafu iwake moto?" akauliza. "Na moto wao hugandisha nini?"

Nilirudi na swali hilo kwa Daktari, naye akacheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba ziwa letu halina kina cha kutosha kutengeneza barafu ya namna ile. Inataka baridi kali na uzito wa maji mengi sana. Lakini gesi yenyewe ipo, huzaliwa humo humo topeni na kupanda kama viputo. Yeye anataka kujua ilianza kuzaliwa lini, na kwa wingi gani. Mimi nikasema kumbe ndiyo ile inayonuka mayai mabovu.

"Hapana," akasema. "Ninayoitafuta haina harufu. Hiyo unayoinusa ni jirani yake."

Tope lilitolewa upande wa Ggaba kwa bomba moja refu la plastiki nyeupe, kama yale ya mafundi wa maji, lililosukumwa chini ya ziwa. Baadaye bomba likakatwa vipande tisa ili viingie frijini. Kila kipande kilikuwa na namba ubavuni. Upande wa juu kilizibwa kwa kifuniko chekundu, upande wa chini kwa cheusi. Hilo alinifundisha kabla hajanionyesha choo kiko wapi.

"Juu ni jana," alisema, "chini ni zamani za babu wa babu yako. Ukiligeuza bomba, mjukuu atamzaa babu, na mimi nitaandika uongo mtupu."

Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kupima ubaridi wa friji asubuhi na jioni, na kuandika lebo. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayevuka mtaro kwa kukanyaga mawe. Daktari alisema hilo ndilo alilolipenda. Mwandiko wake mwenyewe hausomeki, hata na yeye.

Kisha tukaambiwa wageni wanakuja. Mwalimu wa chuo kikuu pamoja na wanafunzi wake wawili wangekuja kuona bomba namba saba likipasuliwa kwa urefu. Daktari alikuwa amelichagua hilo tangu mwanzo, kwa sababu alidhani ndani yake kuna mahali gesi ilipoanza kuongezeka.

Jamani, wageni wanakuja. Nyumbani kwetu mgeni akija hata sufuria ambayo hataiona husuguliwa kwa nje. Siku moja kabla yao nilifagia, nikapiga deki, nikafuta vioo. Halafu nikafungua friji, nikaona vifuniko. Vilikuwa na tope lililokauka. Niliona aibu kana kwamba ni shingo yangu.

Nilichukua beseni na sabuni. Nilitoa bomba namba moja, nikavua vifuniko vyake viwili, nikaviosha, nikavikausha, nikavirudisha mahali pake. Ndipo nikatoa la pili. Nilikwenda hivyo vizuri mpaka la saba. Vifuniko vyake vikiwa ndani ya beseni, Bibi aliita kutoka chumbani.

"Wewe mtoto! Unazungumza na matope kuliko unavyozungumza na mimi. Chai yangu iko wapi?"

Nilimpelekea chai, nikamwekea mto mgongoni. Niliporudi, bomba lilikuwa pale mezani, wazi pande zote mbili, na pande zote mbili zilikuwa sawa. Tope la kule chini ni gumu kama sabuni ya mche, halimwagiki, halikuambii lolote. Namba ilikuwa ubavuni katikati, lakini Daktari aliziandika kila moja ikielekea upande wake, kwa hiyo haikuambii juu wala chini. Nikasimama. Nikakumbuka, au nikajidanganya kwamba nimekumbuka. Nikaweka chekundu huku, cheusi kule, nikafunga friji.

Wageni walifika saa nne asubuhi. Mwanafunzi mmoja, kijana mrefu, alipoona friji alipiga mluzi.

"Bannange! Hata viatu vyangu vya harusi ya kaka havikung'aa hivi."

"Ni huyu wetu," akasema Daktari, akinishika bega. "Msafi sana."

Afadhali angenipiga. Waliweka namba saba mezani, wakalibana pande mbili, na yule mrefu akachukua msumeno. Mimi mbele ya wageni sauti huwa haitoki. Nikachukua lebo na kalamu nikaanza kuandika, nikitumaini nitamaliza kabla ya msumeno. Nilikuwa nimefika "BOMBA HILI SI" nilipoona Daktari anasoma juu ya bega langu.

"Bomba hili si... si nini?" akauliza. "Si letu? Si halali?"

Wote wakacheka. Msumeno ukasubiri.

"Sijui juu yake ni wapi," nikasema. "Nilivua vifuniko nikaviosha."

Kicheko kikakatika. Daktari akakaa kwenye kiti.

"Uliviosha."

"Ndiyo, Daktari. Wageni walikuwa wanakuja."

"Sasa kosa liko wapi?" akauliza Bibi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. "Wageni wakija, watu huosha."

Mwalimu wa chuo akageukia dirishani, mabega yakitikisika.

"Mabomba ya namna hii yako mangapi?" akauliza Daktari.

"Hili tu. Mengine niliosha moja moja nikarudisha."

Akavuta pumzi. "Na mshale? Nani hakuchora mshale ubavuni mwa bomba?"

"Wewe, Daktari," akasema yule mrefu. "Sisi ulipokuja chuoni ulitufundisha tuchore kabla hata ya..."

"Kale, haya basi, nyamaza."

Akasimama, akaleta namba sita, akalilaza karibu na saba. Akatueleza kwamba bomba lilikuwa moja kabla ya kukatwa, kama mhogo. Sehemu ya chini ya sita lazima ishabihiane na sehemu ya juu ya saba. Akanipa kijiko. "Kwangua tope la juu juu tu, polepole. Hilo unaliweza."

Nilivua kifuniko cheusi cha sita nikakwangua. Tope la kijivu likatoka jembamba kama ganda la kitunguu. Karibu na ukingo kikatokea kitu cheupe: kombe la konokono, dogo kama kifungo cha shati, limekatwa katikati na msumeno uliogawa bomba vipande.

Tukahamia saba. Upande wenye kifuniko chekundu nilikwangua mara tatu, palikuwa tope tupu. Nilivua cheusi. Kijiko kilipopita mara ya pili, nusu ya pili ya konokono ikanitazama.

Nilikuwa nimeligeuza. Nilifurahi na kuaibika kwa wakati mmoja, hata sikujua uso wangu niuweke vipi.

Daktari akabadilisha vifuniko kwa mkono wake, akachora ubavuni mshale mkubwa kuliko ilivyohitajika.

"Sasa waambie wageni," akasema. "Juu ni wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Kwa mdomo."

"Hapa," nikasema. "Hapa ndipo juu."

"Una uhakika?" akauliza yule mrefu, amefumba jicho moja.

"Kata," nikamwambia, na akakata.