Gonga na Tairi ya Ndani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa dereva mpya na kiburi kimenijaa kuliko dizeli, tuliwapeleka watu msibani Miono. Mjomba wangu alikuwa amefariki alfajiri. Nyuma ya lori walikaa jamaa zetu wa Bagamoyo na magunia ya mchele wa matanga, pamoja na mama yangu, aliyetaka jambo moja tu: amwone kaka yake kabla jeneza halijatolewa nyumbani.

Tulipofika Msata, Mzee Kibwana, dereva mkongwe aliyenifundisha kazi, akaniambia nisimame. Akashuka na mpini wake wa jembe, akawa anagonga tairi moja moja huku ametega sikio. Nilicheka, lakini nilitaka sana kujua anasikiliza nini, maana tairi haisemi.

"Mzee, maiti hangoji," nikamwambia. "Tairi nimezitazama, zimejaa."

"Umetazama za nje. Haya, fumba macho."

Akagonga ya nje, mpini ukaruka: ti! Akaupenyeza, akagonga ya ndani: bu. Unajua tairi za nyuma hukaa mbili mbili. Ya ndani ikiisha upepo, mwenzake huibebea mzigo, na lori likasimama sawasawa kama halina neno. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya ile ya nje. Niliuondoa mbio, kwa jinsi ilivyokuwa ya moto. Ingetupasukia njiani, na watu wote wale juu.

Tukapiga jeki, tukabadilisha, huku watu wakinung'unika. Miono tulikuta jeneza limeshatoka. Mama alilia sana, nami sikujua pa kuuweka uso wangu. Aliponyamaza akaniita.

"Kaka yangu nimemkosa, Rajabu. Hawa niliokuja nao sikuwakosa."

Kisha akapakua sahani ya kwanza ya wali, akaagiza apelekewe Mzee Kibwana.

Mwanangu, haraka haraka haina baraka, umeisikia hata umeichoka. Basi shika na hili: kabla hujawasha gari gonga kila tairi, na uanze na ile usiyoiona. Ukisimama njiani zipapase kwa kiganja. Yenye joto kuliko wenzake ujue ina jambo. Wenye haraka waache wanune. Mungu akupe sikio la kusikia na subira ya kusimama, na kila uliyempakia ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Amin.