Wageni wa Chaji

Juzi hapa ughaibuni, Arlington, kwenye duka la kutuma mizigo nyumbani, nilimkuta nesi mmoja na kaka yake wakibishana juu ya boksi la sola ndogo ndogo za majirani wa mama yao kijijini.

"Kila jioni wanamjazia nyumba wakichaji simu kwa sola yake," kaka alisema. "Wapate zao, mama apumzike."

"Na umemuuliza?" nesi akamjibu, kisha akanigeukia mimi bibi kizee. "Shosho, si utuamulie?"

Nikawaambia wampigie mwenyewe. Wakaweka spika, mama akawasikiliza.

"Wakipata zao, nani atakuja kuniona?"

Kaka akaondoa mkono kwenye boksi.

"Lakini watoto wao wanasoma gizani," mama akasema. "Tumeni. Ila saa ile waliyozoea kuja, mnipigie nyinyi."

Nesi akacheka huku anafuta macho. "Mum, jioni yako huku ni mchana, ndiyo mimi nimetoka shifti ya night, nimelala fofofo."

"Basi uamke, mtoto wangu."

Wanasema sola itabadilisha kijiji. Mimi nimeiona ikianzia Arlington: pale pale kaunta, nesi alitoa simu akaweka alamu.