Vibao vya Onyo kwenye Mashua ya Nahodha Jaafar

Kamaludin wa Siyu alikaa Mombasa miaka kumi na mmoja kwenye karakana ya mabehewa ya mizigo, na kazi yake ilikuwa moja tu: vibao. Kila ubavu wa behewa ulifungwa kibao kidogo cha kadi ya kueleza mzigo unakwenda wapi, na kikubwa cha onyo, ikiwa ndani mna kitu cha kuwaka. Vyote vilikaa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama chini, ili msomaji asipande wala asiiname.

Aliporudi kwao kisiwani alikuta mashua zikipeleka petroli Mtangawanda, mapipa yamefunikwa turubai, na hamali wakipanda na sigara mdomoni. Jambo hilo lilimnyima raha. Hakuwa mtu wa maneno. Barazani hukaa pembeni akasikiliza. Lakini kwa hili alimwendea Nahodha Jaafar mara tatu, akiomba kufunga vibao vya onyo kwenye mashua yake, mpaka Jaafar akakubali kwa sharti: safari moja. Watu wakivisoma, vitabaki. Wasipovisoma ving'olewe, kwani hakutaka mbao za mashua yake zitobolewe bure.

Kamaludin akavifunga kwa bolti ubavuni, usawa wa kifua, kama behewani. Pale Mokowe, walikopakia mapipa, maji yalikuwa yamejaa, na kila aliyepita gatini alivisoma. Akapanda mashuani moyo umetulia.

Walifika Mtangawanda maji yamekupwa. Mashua ilikuwa chini kabisa ya gati, ubavu umeegemea mawe, na vibao vinatazama ukuta. Hamali mmoja wa bara, Hillary, akateremka ngazi na sigara yake, akaelekea kwenye turubai. Kamaludin hakupiga kelele. Alimshika mkono, akaichukua ile sigara na kuitupa majini.

"Mzee, kwani kuna nini hapo?"

"Petroli."

Hillary akarudi nyuma hatua mbili. Jaafar akacheka.

"Vibao vyako vyasomwa na kaa, Bwana Kamaludin. Ving'oe."

Kamaludin akafungua bolti moja moja, uso ukimwaka kwa haya. Kosa lilikuwa lake. Behewa halipandi wala halishuki na maji, naye mzaliwa wa Siyu alikuwa amelisahau hilo. Alipomaliza hakuvitia vibao kikapuni. Aliomba kamba. Jaafar akamkumbusha sharti lao.

"Safari haijesha, Nahodha," akasema, na mara hii alimtazama machoni. "Mapipa yangalimo."

Akavifunga mlingotini, usawa wa macho ya mtu aliye juu ya gati. Maji yakijaa vitapanda, lakini herufi ni kubwa, zitaonekana. Na mlingoti hautobolewi.

Hamali wa pili akafika ukingoni, sigara mdomoni, kiberiti mkononi. Akainua macho, akasoma, akakirudisha kiberiti mfukoni.

Jaafar alimwona. Akamrushia Kamaludin kipande kingine cha kamba.

"Kaza na huko juu," akasema.