Kamba ya Ubaruku

Rafiki yangu wa Kihesa ni mwalimu wa fizikia, na ubishi wake ni wa kimwalimu: habishani nawe, anakusahihisha. Ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa ndege ndogo za jeti, zile za kurusha kwa rimoti, zenye injini ya kweli inayokunywa mafuta ya taa na kunguruma mpaka mbwa wanajificha. Iringa kwake milima na nyumba zilitubana, na Mbeya kwangu ndiyo usiseme. Tuliporuhusiwa kutumia uwanja mmoja mgumu kando ya mashamba ya mpunga Ubaruku, tulishukuru kama watu waliopewa urithi. Hatukuwa na mahali pengine.

Kila tulipofika, kabla ya kushusha chochote garini, mwenzangu alichomeka vigingi na kufunga kamba ya katani. Watu wote nyuma ya kamba, ndege mbele yake, mtungi wa kuzimia moto miguuni mwangu. Hata mzee wa kuheshimika akisogea, alirudishwa kwa kidole kama mwanafunzi mchelewaji. Mimi nilimtania kwamba amezaliwa na filimbi mdomoni.

Wakulima walikuja kutazama, na wafugaji waliohamia bonde hilo la Usangu kutoka kaskazini. Walifurahi, lakini tulisikia pia wakinong'ona, "Hawa wa mjini wanaringa na vindege vyao." Mimi nilicheka tu. Yeye ilimuuma, maana alijua kijiji kikituchoka, uwanja umekwenda.

Kisha kweleakwelea, wale ndege wala nafaka, wakavamia mpunga uliokuwa bado haujavunwa. Mwenyekiti wa kitongoji akatufuata kiungwana.

"Mwalimu, makopo tumegonga mpaka mikono inauma. Hako kajeti kako si kapite tu hapo juu ya mpunga, hawa ndege wakimbie?"

Nilimvuta mwenzangu pembeni. "Huko ni ng'ambo ya kamba. Kuna watu wanapiga mpunga kule."

"Leo tu," akasema. "Leo na wao watuone ni watu."

Akaifungua kamba kwa mikono yake mwenyewe, watu wakamzunguka. Jeti ilipopita mara ya kwanza, kweleakwelea walitimka wote, na vigelegele vikapigwa. Sijawahi kumwona akitabasamu vile, na mpaka leo tabasamu lile linaniuma. Wakamwomba arudie. Alipogeuza, kundi nalo lilikuwa limerudi, likanyanyuka mbele ya jeti. Injini ikakohoa, ikazima. Ndege ikaangukia lundo la mpunga mkavu la mama mmoja ambaye kila tukija alitupikia wali. Alikuwa ametoka pale muda si mrefu kwenda kunywa maji.

Nilikimbia na mtungi, lakini mafuta ya taa na majani makavu havisubiri mtu. Mavuno yake yakateketea mbele ya macho yetu. Hakuna aliyeumia, nasi hasara tuliifidia, ila uwanja tuliombwa tuuache, kwa maneno ya upole kabisa. Mwenzangu aliifungia rimoti yake sandukuni, na hajarusha tena. Nami kurusha peke yangu sina moyo nako. Namkumbuka mtu yule wa kamba, ingawa tunasalimiana kwenye simu kila wiki.

Kabla ya kuondoka Ubaruku tulikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Alitukaribisha viti, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwenzangu.

"Sasa ile kamba, mwalimu, mlikuwa mnafunga kwa ajili yetu?"

Mwenzangu aliitikia kwa kichwa.

"Mngetuambia, mwanangu," akasema. "Sisi tulijua mnalinda vindege vyenu. Kumbe ni sisi? Tungewashikia wenyewe hiyo kamba."