Kanzu Iliyofuta Grisi

Mwenzenu nikipita gereji nikanusa grisi, sikumbuki magari. Nakumbuka kanzu ya baba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami hata meno ya utoto sijayamaliza kung'oa. Asubuhi habari ilifika Bagamoyo: bibi, mzaa baba, amefariki kwao Miono. Baba akanunua sanda, akavaa kanzu yake ya Idi, tukaondoka kwa pikapu yake kuukuu. Sanda niliipakata mimi. Miono walikuwa wanaingoja hiyo tu wapate kuzika, na maiti hacheleweshwi.

Tulipokaribia Msata gurudumu la mbele likaanza kuvuma, kisha likawa linasaga kama mtu atafunaye changarawe.

"Beringi," alisema baba, basi.

Akapiga jeki, akalivua gurudumu, akaigonga beringi iliyokufa mpaka ikatoka, gololi zake zimemomonyoka. Ya akiba alikuwa nayo chini ya kiti. Dereva wa zama zile hakusafiri bila hiyo. Lakini mle ndani mlijaa mchanga na grisi nyeusi, na tambara la kufutia hatuna.

"Baba," nikamwambia kwa moyo mweupe, "hii kubwa. Chana kidogo."

Aliitazama sanda, akanitazama mimi. "Hiyo ya bibi yako, mwanangu. Hata chini usiiweke."

Kisha akavua kanzu, akaichana kuanzia pindo, akafuta mpaka chuma kikang'aa. Beringi mpya akaishindilia grisi kwa kiganja, taratibu, kama hakuna anayemngoja. Chozi hata moja halikumtoka. Nilimwonea bibi huruma, kwa kuwa na mtoto asiye na uchungu.

Tulifika Miono alasiri, baba na fulana na msuli, mweusi wa grisi mpaka viwikoni. Mara akachomoka mama mmoja mnene, mtani wetu, mmoja wa wale ambao mila imewapa ruhusa ya kufanya mzaha msibani.

"Jamani, ficheni kuku! Mwizi kaja kuzika! Mamaake kamngoja kutwa, yeye kaenda kukoga grisi!"

Nilitamani kumng'ata. Lakini baba alicheka. Alicheka mpaka akapepesuka, na kicheko kikageuka kilio ambacho maishani sikukisikia tena kwake. Aliyemdaka ni mama yuleyule, kanga zake zikaharibika zote, naye wala hakujali. Baadaye baba akasugua mikono kwa mchanga na mafuta ya taa, akanawa, akashuka kaburini kumpokea mamaake.

Yule mama nilimchukia miaka mingi. Baba alipofariki, nilishinda nikihangaika na masufuria na wageni, macho makavu. Kila mgeni akiingia nanyanyua shingo kutazama. Shangazi akaniuliza namtafuta nani, nikasema simtafuti mtu.

Nilikuwa namngoja mtani aje anitukane.